Kitufe cha Kumwita Mama

Baba hakuwahi kumwita mama. Si kwamba hakumpenda, wala hawakuwa wamenuniana. Walikaa pamoja miaka arobaini na mitatu, wakazaa watoto wawili, na katika muda wote huo sikumsikia hata mara moja akitamka jina lake. Hakumwita mke wangu. Hakumwita hata kwa jina la kaka yangu, kama wanavyofanya waume wengi kwetu Kaloleni, ambao humwita mke mama wa fulani na mambo yakaenda. Hilo baba aliliona ni kujipendekeza.

Alichofanya ni kututuma sisi. "Mwambie mama yako, chai." Mama mwenyewe yuko pale pale, amekaa mkekani, goti lake linakaribia kugusa mguu wa kiti cha baba. Mimi nageuka na kusema, "Mama, baba anataka chai." Mama ananijibu mimi: "Mwambie baba yako sukari imekwisha." Nageuka tena. Chumba kilikuwa cha futi kumi kwa kumi, hapa Magongo, nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na habari zote zilizopita humo ndani zilipitia kwangu au kwa kaka yangu. Sikuona ajabu yoyote. Nilidhani ndivyo wanavyozungumza watu waliooana. Nilipoolewa na mume wangu akanisemesha moja kwa moja, nilitazama nyuma yangu kwanza.

Sisi tulipohama, baba alibuni njia nyingine. Alikuwa akirudi kutoka kazini, kwenye bohari la mafuta, anasimama mlangoni na kuuliza, "Kuna mtu humu?" Mama ndiye aliyekuwa mtu. Njia hiyo iliwafaa miaka mingi, mpaka baba alipostaafu na kupatwa na kiharusi kilichompooza upande wa kulia na kumnyang'anya maneno yote. Akili ilibaki, mkono wa kushoto ulibaki, na hasira ilibaki.

Mama huuza viazi karai na bajia mbele ya nyumba, ukingoni mwa barabara. Kutoka kwenye karai lake hadi kitini kwa baba ni hatua kumi na mbili, nimezihesabu. Lakini barabara hiyo ndiyo wanayopita madereva wa malori ya makontena, na lori likipita husikii hata mafuta yanavyochemka mbele yako. Baba alikuwa akigonga ukuta kwa mkono wa kushoto, na ukuta ulikuwa ukisikia peke yake. Siku moja alichoka kugonga, akainuka aende chooni mwenyewe, akaanguka. Daktari alituambia tushukuru Mungu nyonga haikuvunjika, akaongeza kwamba tusitegemee kushukuru mara ya pili.

Kaka yangu, aliye mkubwa kwangu na anayefanya kazi Mariakani, alisema baba apelekwe Kaloleni kwa baba mdogo. Huko uani kuna watu wengi na hakuna malori. Ulikuwa mpango mzuri, ila mama hakuwemo. Viazi vyake ndivyo vilivyonunua dawa, kwa hiyo yeye angebaki Magongo. Baada ya miaka arobaini na mitatu wangetenganishwa kwa sababu ya safari za chooni. Jambo hilo liliniudhi kuliko nilivyoweza kueleza, nikamwambia kaka nitatafuta njia ya baba kuita watu. Akaniuliza njia gani. Nikasema njia ya kompyuta. Akasema ananipa mwezi mmoja, baada ya hapo anakuja na pikapu.

Hapa lazima nieleze kwamba mimi ni karani kwenye yadi ya makontena Changamwe. Kazi yangu ni kuingiza namba za makontena kwenye kompyuta, na kwa sababu hiyo jamaa zangu wote wanaamini naweza kutengeneza televisheni. Ukweli ni kwamba wakati ule nilikuwa nimeanza kozi ya kuandika programu, kila Jumamosi mchana, kwenye chuo kimoja kilicho juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Lugha ya kompyuta tuliyofundishwa ni ile ya wanaoanza. Mwalimu wetu, mwanamke wa bara aliyekuwa na miaka thelathini hivi, alituambia hata mtoto wa darasa la tano anaiweza. Mimi nilikuwa na miaka arobaini na mmoja na sikuiweza.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Nilichukua kibodi kuukuu, nikang'oa vitufe vyote, nikabakisha vinne vilivyoachana ili mkono wa kushoto usikosee. Juu ya kila kimoja nikabandika kizibo cha soda chenye rangi yake. Chekundu choo, buluu maji, kijani nigeuzeni, cheusi naumwa. Kibodi niliiunganisha na kompyuta ndogo ya zamani ambayo yadi ilikuwa imeitupa. Baba akibonyeza, kompyuta itume meseji kwenye simu.

Kazi ilikuwa kuiambia kompyuta ifanye nini, na lini. Mwalimu alitufundisha kwanza kuunda klasi, ambayo ni kama karatasi ya fundi cherehani ya kukatia nguo: karatasi ni moja, nguo utakazokata ni nyingi. Mimi niliunda klasi nikaiita Mtu. Kila Mtu atakayekatwa humo anakuwa na kazi zake anazozijua: kupeleka chooni, kuleta maji, kugeuza mgonjwa, kuleta dawa. Halafu inabidi kila kitufe kiwekewe kazi yake. Si kuifanya ile kazi, ni kuiweka tu, ili kitufe kijue pa kuipata siku kitakapobonyezwa. Mwalimu aliliita hilo rejeleo. Alisema ni jambo dogo.

Nilikaa nalo hilo jambo dogo wiki mbili. Kila nilipoiwasha programu, kabla baba hajagusa kitu, kazi zote nne zilijifanya zenyewe kwa mpigo. Simu yangu ilipokea meseji nne ndani ya dakika moja: choo, maji, nigeuzeni, naumwa. Baba alikuwa amelala kitini anakoroma. Alipoamka na kubonyeza chekundu, hakukutokea kitu chochote.

Niliipeleka chuoni. Mwalimu alitazama mstari mmoja tu, nilipoandika jina la kazi na mabano matupu mwishoni.

"Mathe, hapa ushaiita tayari," alisema. "Hiyo mabano ndiyo inaita. Weka jina la kazi bila mabano."

"Nisipoiita nitajuaje kwamba ipo?"

"Iko tu. Si umeiandika?"

Sikupenda kuitwa mathe, yaani mama, na mtu ninayemlipa ada, lakini nilitoa mabano. Njiani nikirudi ndipo nilipoelewa kosa langu lilikotoka. Sisi mtu akitupa namba ya simu hatuiandiki tukaondoka. Tunaipigia hapo hapo, mbele yake, simu yake inalia mara moja, tunakata, anasema ndiyo hiyo, na hapo ndipo namba inakuwa namba. Sijawahi kuweka namba ya mtu bila kumflashi kwanza, na sijui mtu yeyote Changamwe anayefanya hivyo. Kompyuta haikutaka hayo. Ilitaka niweke na niamini. Nilifanya hivyo kwa shingo upande.

Mabano yalipotoka, programu ilikataa kuwaka kabisa. Ikalalamika kwamba nimeweka kazi isiyo na mwenyewe. Mwalimu alieleza kwamba kazi ya klasi haiwekwi peke yake. Karatasi ya fundi haivaliwi, inavaliwa nguo. Kwa hiyo ukiweka kazi ya kupeleka chooni, lazima useme ni ya nani, maana kila Mtu anayo ya kwake, na kitufe kitabeba vyote viwili pamoja, kazi na mwenye kazi.

Nilikata Mtu mmoja, nikamwita Mimi. Vitufe vyote vinne nikavipa kazi za Mimi. Sikufikiri hata kidogo. Programu iliwaka, ikatulia, ikangoja. Baba alibonyeza kizibo cha buluu, na simu iliyokuwa mkononi mwangu ikasema maji. Nilimletea maji. Nilifurahi mpaka nikanywa na mimi.

Jumatatu iliyofuata mpango ukaanza kufanya kazi kwa dhati, na ulifanya kazi namna hii. Baba akiwa Magongo alibonyeza kizibo. Meseji ilinifikia mimi yadini Changamwe. Mimi nilimpigia mama simu. Mama, aliyekuwa hatua kumi na mbili kutoka kwa baba, alipangusa unga mikononi, akapokea, nikamwambia, "Mama, baba anataka choo." Naye, kabla hajaenda, alikuwa mara nyingine akinijibu, "Mwambie asubiri nitoe hivi viazi." Nami sikuwa na njia ya kumwambia, nikabaki nimeishika simu.

Niliona mpango mzuri sana. Nilimwelezea mfanyakazi mwenzangu kwa majivuno. Aligeukia kompyuta yake, nikadhani ni wivu.

Jumatano ya wiki ya pili yadi ilikuwa na ukaguzi, na msimamizi akatuamuru tuweke simu zote kwenye droo mpaka saa nane. Nilipotoa yangu nilikuta chekundu, chekundu, chekundu, cheusi, halafu kimya. Nilimpigia mama. Alikuwa ameshamkuta. Alikuwa ameingia ndani kuchukua unga akamwona sakafuni kando ya kiti, mkono wa kushoto bado umeshika kibodi. Hakuvunjika. Alikuwa amejikojolea na alikataa kumtazama mtu usoni hadi jioni. Mimi nililia chooni yadini. Nilijilaumu, na kusema kweli bado najilaumu, maana ule mpango ulikuwa wangu.

Kaka alipopata habari alipiga simu, akasema Jumapili anakuja.

Jumamosi nilikwenda chuoni kwa mazoea tu, bila matumaini. Mwalimu aliuliza programu ya mzee inaendeleaje. Nilimweleza. Akavuta kiti, akaisoma yote toka juu mpaka chini.

"Na mamako anakuwanga wapi?"

"Hapo nje, anakaanga viazi."

"Hapo nje wapi?"

"Hatua kumi na mbili."

"Sasa mbona meseji inaenda Changamwe ndiyo irudi Magongo? Mbona hii kitufe isibebe kazi ya mamako?"

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba kwetu habari za mama hupitia kwa mtoto. Nikayasikia maneno yenyewe kabla sijayatoa, nikaufunga. Nilikuwa nimechukua chumba cha futi kumi kwa kumi nikakiandika ndani ya kompyuta kilivyo, mimi nikiwa katikati. Mashine haikuwa na kosa lolote. Ilitii nyumba yetu.

Kukata Mtu wa pili kulinichukua dakika tano. Nikamwita Mama. Kazi zake zilikuwa zile zile, karatasi ni ile ile, mwenyewe tu ndiye aliyebadilika. Nilinunua spika na waya mrefu, nikaenda nyumbani, nikaupitisha waya darini mpaka nje, spika nikaifunga kwenye nguzo ya kibanda cha mama. Hapo ndipo matatizo halisi yalipoanza, maana spika lazima iseme kitu.

"Iseme choo," nilimwambia.

"Barabarani? Watu wanakula?"

Alikuwa na haki. Tukakubaliana spika imwite tu, yeye aende, aulize mwenyewe, baba ajibu kwa kichwa. Vizibo vinne havikuwa na maana tena, nikabandua viwili. Chekundu kikawa cha mama. Cha buluu nikakiacha kiwe changu, kwa dharura.

"Basi ikuiteje?" nikauliza. "Niweke kengele?"

"Mimi si mbuzi."

"Niseme mwambieni mama?"

Alinitazama. "Amwambie nani? Humu ndani kuna nani?"

Aliendelea kumenya viazi. Nilidhani ameghairi jambo lote, nikaanza kukunja waya uliobaki. Halafu, bila kuinua kichwa, alilitaja jina lake. Si lile la kanisani lililo kwenye kitambulisho. Ni lile alilopewa na bibi yake, la kwao, ambalo nililisikia mara mbili tu maishani, mara zote mbili msibani, kutoka kwa dada zake. "Hilo," akasema. "Kama ni kuitwa, niitwe hilo."

Mimi siwezi kulitamka jina la mama yangu, si kwenye mashine wala mahali pengine, na hapa pia siliandiki. Kwa hiyo alirekodi mwenyewe. Mara ya kwanza alilitamka kama anayeitikia orodha hospitalini. Mara ya pili lori lilipita. Mara ya tatu aliegemea simu yangu karibu, akalisema taratibu, kama mtu anayemwita mwingine asimshtue. Nikamwambia imetosha.

Baba nilimweleza kila kitu. Nilimsikilizisha. Alilisikiliza jina lile likitoka kwenye kompyuta, akatazama kizibo chekundu, halafu akatazama pembeni. Tangu hapo mpaka jioni alibonyeza cha buluu tu. Simu yangu ilikuwa ikiita nikiwa nimesimama mbele yake. Nilimwambia, "Baba, mimi kesho kutwa sipo." Akabonyeza cha buluu.

Jumapili kaka alikuja baada ya kanisa. Mama alikuwa kibandani, wateja wa Jumapili ni wengi. Kaka alimwamkia baba shikamoo, akaketi, akasema ameambiwa mashine imetengenezwa upya na angependa kuiona. Nilimwomba baba amwite mama. Baba akaunyosha mkono wake polepole, akabonyeza cha buluu. Simu yangu ikalia.

"Baba, chekundu," nikasema.

Buluu tena.

Kaka hakucheka. Ingekuwa nafuu kama angecheka. Aliinuka, akavuta begi lililo chini ya kitanda, akaanza kukunja mashati ya baba, moja moja, vizuri, kama alivyofundishwa na mama. Mimi nilimkasirikia baba kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo juu yake. Nilitaka kumshika mkono nimbonyezee. Nilimwambia, na sauti yangu haikuwa na adabu, kwamba mama yuko pale nje na hajui kwamba begi linafungwa, na kwamba mimi simpelekei habari hiyo. Sipeleki tena habari yoyote. Nikaizima simu yangu na kuitia mfukoni.

Kaka aliweka shati la tatu. Baba alilitazama begi. Alitazama mlango, pale ambapo zamani alikuwa akisimama kuuliza kama kuna mtu. Kisha akakiweka kidole juu ya kizibo chekundu, akakaa nacho hapo, na akabonyeza.

Nje kule spika ililitaja jina la mama, mbele ya wateja na barabara nzima.

"Abee," mama akaitika.

Aliingia na mwiko mkononi, mafuta yakimdondoka. Hakututazama mimi na kaka. Wala hakuliona begi. Alimwendea baba, akasimama mbele yake. "Nimekuja," alimwambia yeye mwenyewe. "Unataka nini?"

Choo? Baba akatikisa kichwa. Maji? Akatikisa kichwa. Naye mama hakuuliza la tatu. Alisimama tu pale na mwiko wake, huku viazi vikiungua nje, kwa muda ambao kwa mfanyabiashara ni mrefu. Kaka alikuwa ameshika shati la nne. Alilikunjua, akalitundika kwenye msumari, halafu akayatoa na yale matatu. Alikula bajia, akarudi Mariakani na pikapu yake tupu.

Wiki mbili baadaye mama alinipigia simu kazini. Alisema mashine imeharibika, nikitoka nipite nikaiangalie. Nilimwuliza ina nini. Alisema inamwita ovyo. Inamwita, anaenda, hakuna choo, hakuna maji, hakuna maumivu, anarudi kwenye karai, na kabla hajageuza kiazi inamwita tena. Jana peke yake aliacha kuhesabu.

Nilipita jioni. Nilifungua programu nikaisoma mstari kwa mstari, mabano, kazi, mwenye kazi. Nilikikagua kizibo kisije kikawa kinashikilia. Baba alinitazama nikifanya hayo yote na hakunisaidia kwa lolote. Nikatoka nje nikamwambia mama kwamba mashine ni nzima, haina kosa hata moja, kila inapomwita ni kwamba imebonyezwa.

Aligeuza viazi vyake. Aliniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika.

"Basi iache hivyo hivyo," akasema, "na kaka yako asije akaiguza."

Spika ikaita. Akaitika kabla jina halijaisha, akanikabidhi mwiko, akaingia ndani.